Istilahi Isiyo na Fasili: Uhakiki wa Dhana ya "Chumba cha Mwako" katika Kiswahili cha Ufundi

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umehusu zaidi upatikanaji wa maneno. Huulizwa iwapo lugha ina neno la kutajia kitu fulani. Neno likipatikana, iwe kwa kutohoa, kwa kutafsiri au kwa kupanua maana ya neno la zamani, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanadai kwamba hiyo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kufasili, na katika uwanja wa ufundi nusu hiyo imeachwa nyuma. Ili kuonyesha dai hilo, dhana moja tu itapimwa: chumba cha mwako cha injini.

Dhana hiyo ni ndogo kwa umbo. Katika pikipiki ya kawaida yenye ujazo wa sentimita 125, nafasi inayohusika haizidi sana kijiko kimoja cha chakula. Hata hivyo, kila kinachosafirishwa, kinachosagwa na kinachoangazwa kwa injini hutegemea kijiko hicho. Katika Wamaza, na katika maeneo ya Kasongo na Kabambare kwa jumla, hilo halihitaji kuthibitishwa kwa hoja nyingi. Mashine ya kukoboa mpunga na kusaga muhogo, jenereta ya dukani, pikipiki inayobeba wagonjwa na mizigo, zote ni injini. Injini ikikataa kuwaka, mama mwenye mpunga wake hurudi nyumbani na mtwangio. Kwa hiyo swali la jinsi sehemu hiyo inavyoelezwa kwa lugha ya watu wanaoitumia si swali la kamusi pekee.

2. Hali ya lugha ya ufundi katika Maniema ya kusini

Kiswahili si mgeni katika sehemu hii. Kilifika na misafara ya biashara katika karne ya 19, na katika miaka ya 1870 Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip. Tangu wakati huo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya mahakama ya kimila, ya mahubiri na ya karakana. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikibaki lugha rasmi.

Matokeo yake katika ufundi ni mgawanyiko. Mwanafunzi wa shule ya ufundi husoma injini kwa Kifaransa, kisha huitengeneza kwa Kiswahili. Maneno yake ya karakana yamechukuliwa kutoka katika lugha ya daftari: mafuta mepesi ni esansi, mafuta mazito ni mazutu. Mwenzake wa Tabora au Mombasa amechukua ya kwake kutoka Kiingereza: petroli na dizeli. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tofauti hiyo imepata uzito mpya, kwa kuwa vipuri, mafundi na maelezo ya matumizi huvuka mipaka pamoja. Lakini tofauti ya majina ndiyo sehemu nyepesi ya tatizo. Fundi wa Kasongo akisikia petroli mara mbili, ameelewa. Kigumu ni kile ambacho hakuna upande wowote uliokieleza barabara.

Juhudi za kuunda istilahi hazikukosekana. Mwaka 1987 Taasisi ya Uvumbuzi wa Uzalishaji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotungwa na Rajmund Ohly. Mwaka 1992 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kiongozi cha uundaji wa istilahi kilichoandikwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko. Kazi hizo zilifungua njia, na hakuna haja ya kuzilaumu kwa yale ambayo hazikukusudia kufanya. Orodha ya visawe humfaa mtu ambaye tayari anaijua dhana katika lugha ya kwanza na anatafuta jina lake katika lugha ya pili. Kosa ni la watumiaji wanaoichukua orodha ya visawe kana kwamba ni maelezo. Asiyeijua dhana katika Kiingereza wala Kifaransa hatajua lolote jipya kwa kupewa majina mawili badala ya moja.

3. Fasili nne na kasoro zake

Ukiachilia mbali visawe, maelezo ya chumba cha mwako yanayosikika darasani na karakanani huangukia katika aina nne. Kila moja ina ukweli ndani yake, na kila moja ina tundu.

Aina ya kwanza ni fasili ya kuzunguka: chumba cha mwako ni chumba ambamo mwako hutokea. Hapa istilahi imevunjwa vipande vyake na kuungwa upya kwa kiunganishi. Msikilizaji ambaye hakujua maana ya istilahi hajasogezwa hata hatua moja. Zaidi ya hayo, fasili hii inadhani kwamba neno "mwako" liko wazi, jambo ambalo si kweli. Mwako ni nomino itokanayo na kitenzi "waka", kwa njia ileile ambayo "enda" huzaa "mwendo" na "cheza" huzaa "mchezo". Kitenzi hicho kina maana pana katika Kiswahili cha kila siku. Moto huwaka, jua huwaka, balbu ya umeme huwaka ingawa hakuna kinachoungua ndani yake, na gari nalo huwaka, kwa maana kwamba injini yake imeanza kufanya kazi. Mwanafunzi anaposikia "chumba cha mwako" ana haki kamili ya kufikiri kwamba ni mahali pa kuwashia injini, na kwamba baada ya hapo injini hujiendea yenyewe. Lugha yake ndiyo iliyomfundisha hivyo. Fasili isiyoondoa utata huo imeuacha pale palipokuwa na hatari zaidi, kwa kuwa mwako unaozungumziwa hauji mara moja asubuhi bali hurudiwa mara nyingi kwa kila sekunde.

Aina ya pili husema kwamba ni mahali ambapo mafuta huungua. Kasoro yake ni kunyamaza kuhusu hewa. Mafuta peke yake hayawaki. Petroli ya kilo 1 huhitaji takribani kilo 15 za hewa ili iungue yote, kwa hiyo kwa uzito kinachoingia katika nafasi ile ni hewa hasa, na mafuta ni kitoweo tu. Fasili inayotaja mafuta pekee humfanya fundi mchanga atafute kila kosa upande wa mafuta. Atasafisha tangi, atapuliza mirija, atabadilisha chujio la mafuta, huku chujio la hewa likiwa limezibwa na vumbi la barabara au pumba za mpunga.

Aina ya tatu husema kwamba ni mahali ambapo mafuta hulipuka. Hii ndiyo inayopendwa zaidi, kwa kuwa inaendana na kelele ya injini. Lakini katika injini ya petroli iliyo sawasawa, mwako huanzia kwenye cheche ya plagi, kisha mwale wa moto husambaa kwa mpangilio hadi ukutani. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, safari hiyo huchukua takribani elfu tatu za sekunde. Ni muda mfupi, lakini ni safari, si mlipuko. Inapotokea kwamba sehemu ya mchanganyiko ambayo mwale haujaifikia inalipuka yenyewe kwa ghafla, fundi husikia injini ikigonga, na akiendelea kuilazimisha, pistoni huharibika. Fasili inayoita hali ya kawaida "mlipuko" imemnyang'anya mwanafunzi neno la kuitajia hali ya hatari. Kiswahili hakina uhaba hapa: "waka", "ungua", "teketea" na "lipuka" ni vitenzi vinne vyenye mipaka inayojulikana na kila mzungumzaji. Kuvichanganya ni uzembe wa mfasili, wala si umaskini wa lugha.

Aina ya nne husema kwamba ni sehemu ya juu ya silinda. Hii inakaribia ukweli, na kwa sababu hiyo inapotosha kwa ustadi zaidi. Silinda ni kitu. Chumba cha mwako ni nafasi kati ya vitu. Kuta zake ni mali ya vipuri mbalimbali: kichwa cha silinda kwa juu, ukuta wa silinda kwa pembeni, uso wa pistoni kwa chini, na nyuso za valvu ambazo zikifunga huwa sehemu ya dari. Ukuta mmoja kati ya hizo, yaani pistoni, unatembea. Chumba hiki hakiuzwi dukani wala hakifunguliwi kwa spana. Hupatikana pale tu vipuri vyote vinapokutana ipasavyo, na hupotea pale kimoja kinapokosa kukaa mahali pake.

4. Fasili mbele ya mashine

Fasili ya kitu cha ufundi hupimwa mbele ya mashine. Mashine zilizopita na zinazopita Maniema zinatosha kwa kazi hiyo.

Ya kwanza ni injini ya mvuke. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na garimoshi zake za awali, kama meli za mto Lualaba, ziliendeshwa kwa mvuke. Kuni ziliungua katika tanuri, maji yalichemka, mvuke ukaenda kusukuma pistoni mahali pengine. Tanuri lile lilikuwa na mafuta yake, hewa yake na mwako wake. Kwa fasili ya aina ya pili, lingekuwa sawa kabisa na chumba cha mwako cha pikipiki. Tofauti ni kwamba moshi wa kuni haukuisukuma pistoni; ulitoka kwa bomba bila kufanya kazi hiyo. Katika injini ya mwako wa ndani, gesi ileile iliyozaliwa na mwako ndiyo inayosukuma. Fasili isiyotaja kazi ya gesi imeshindwa kutenganisha aina mbili za injini ambazo historia nzima ya usafiri imezitenganisha.

Ya pili ni injini ya petroli, inayofuata mfumo wa mizunguko minne ambao mfano wake uliofanikiwa ulitengenezwa na Nikolaus Otto mwaka 1876. Hapa ndipo ukubwa wa nafasi unapodai kutajwa. Pikipiki ya sentimita 125 za ujazo yenye uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1 hubakiwa na takribani sentimita 15.6 za ujazo pistoni inapofika kikomo cha juu. Fundi akiuchonga uso wa kichwa cha silinda ili kuunyoosha, na kwa kufanya hivyo akapunguza sentimita 2 za nafasi hiyo, uwiano hupanda na kupita 10 kwa 1. Akiweka gasketi nene kuliko inayotakiwa, uwiano hushuka. Masizi yakijikusanya kwa miaka, nayo hupunguza nafasi. Mambo hayo matatu huonekana kuwa mbalimbali kabisa kwa mtu anayedhani chumba cha mwako ni kipuri. Kwa anayejua kwamba ni nafasi yenye kipimo, ni jambo moja.

Ya tatu ni injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliionyesha ikifanya kazi Augsburg mwaka 1897, na ambayo leo ndiyo huendesha mashine nyingi za kusaga. Haina plagi ya cheche. Huvuta hewa tupu, huigandamiza hadi ipate joto linalozidi nyuzi 500 za sentigredi, kisha nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka kwa joto hilo. Katika injini nyingi za namna hii sehemu kubwa ya nafasi imechimbwa kama bakuli katika uso wa pistoni yenyewe, na katika nyingine kuna chumba kidogo cha pembeni kilichounganishwa na kikubwa kwa tundu jembamba. Aliyefundishwa kwamba chumba cha mwako ni "sehemu ya juu ya silinda" hatakiona kilichomo ndani ya pistoni. Na aliyefundishwa kwamba ni "mahali pa mafuta kuungua" hataelewa kwa nini mashine yenye mafuta safi na nozeli nzima inakataa kuwaka kwa sababu tu ringi za pistoni zimelika. Ringi zikilika, hewa huvuja wakati wa kugandamizwa. Hewa ikivuja, joto halifiki. Joto lisipofika, hakuna mwako. Mnyororo huo mzima unapaswa kuwamo, kwa ufupi, ndani ya fasili.

Ya nne ni injini ya ndege ya jeti, inayosikika Kindu kila ndege kubwa inapotua. Hapa hakuna pistoni. Hewa husukumwa na kompresa, hukutana na mafuta, na moto huwaka mfululizo bila kuzimika kuanzia kupaa hadi kutua, huku gesi ikitoka upande wa pili kuzungusha mapanga. Nafasi yake haijafungwa pande zote. Kwa hiyo fasili inayosema kwamba chumba cha mwako ni lazima kifungwe, au ni lazima kiwe na pistoni, imechukua sifa ya aina moja na kuipa kundi zima.

5. Kuhusu jina lenyewe

Huenda ikadaiwa kwamba mzizi wa matatizo hayo ni neno "chumba", na kwamba dawa ni kutafuta jina jingine. Dai hilo linastahili kupimwa.

"Chumba" ni ndugu wa "nyumba" na "jumba". Kiambishi cha udogoshi kimemfanya kuwa nyumba ndogo. Ni kweli kwamba humletea msikilizaji picha ya mahali pa kukaa, penye kuta tulivu. Lakini Kifaransa na Kiingereza zimefanya vivyo hivyo: kila moja imechukua neno lake la chumba cha nyumba na kulihamishia katika injini. Lugha hizo hazikushinda kwa kuwa na sitiari bora. Zilishinda kwa kuizungushia sitiari ileile maelezo yaliyo kamili.

Majina mbadala hayana nafuu kubwa. "Chemba" ina faida ya ufupi, ila katika Kiswahili cha mwambao mtu huitwa chemba ili aambiwe jambo la siri, na katika miji mingi chemba ni ya maji machafu. "Tanuri" lina moto wa kweli, lakini ni moto wa chokaa na matofali, na lingerudisha mkanganyo wa injini ya mvuke. Kuhusu kutohoa moja kwa moja kutoka Kifaransa kwa ajili ya Kongo na kutoka Kiingereza kwa ajili ya mashariki, njia hiyo ingezaa majina mawili yasiyoeleweka mahali pa jina moja linaloeleweka nusu.

Historia ya lugha yenyewe inatoa funzo. Treni huitwa garimoshi hata inapovutwa na injini ya dizeli isiyo na tanuri la kuni, na hakuna abiria anayepotea kwa sababu hiyo. Jina huweza kubaki nyuma ya kitu bila madhara iwapo ujuzi wa kitu uko thabiti. Kwa hiyo istilahi "chumba cha mwako" iachwe ilivyo. Inajengeka kwa mofolojia ya kawaida, inakubali wingi bila shida, na inaingia katika familia moja na "injini ya mwako wa ndani". Kinachodaiwa ni fasili inayoibeba.

6. Fasili inayopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, fasili ifuatayo inapendekezwa:

Chumba cha mwako ni nafasi ndani ya injini ambamo hewa iliyogandamizwa na mafuta huungua pamoja, ili gesi ya moto inayotokana na kuungua huko ifanye kazi ya kuendesha injini hiyo. Katika injini ya pistoni, ni nafasi inayobaki kati ya uso wa pistoni na kichwa cha silinda pistoni ikiwa katika kikomo chake cha juu, pamoja na mabakuli na vyumba vya pembeni vinavyofunguka ndani yake. Katika injini ya jeti, ni nafasi kati ya kompresa na mapanga yanayozungushwa na gesi, ambamo mwako ni wa mfululizo.

Sentensi ya kwanza inataja kundi na sifa bainifu. Mbili zinazofuata zinataja aina. Neno "nafasi" limechaguliwa badala ya "sehemu" ili ijulikane kwamba si kipuri. "Huungua" limechukua mahali pa "huwaka" ili kuondoa utata wa kuanza kwa injini, na mahali pa "hulipuka" ili kuliacha neno hilo kwa hali isiyo ya kawaida. "Iliyogandamizwa" humkumbusha fundi kwamba ringi, valvu na gasketi ni walinzi wa nafasi hiyo. "Gesi ya moto ifanye kazi" hulitenga tanuri la mvuke.

Inaweza kupingwa kwamba fasili hii ni ndefu, na kwamba mafundi wa Wamaza wametengeneza injini bila kuisoma. Pingamizi la pili ni la kweli na lina heshima yake. Ujuzi wa mkono hurithishwa kwa kuonyeshana, na hufika mbali. Mpaka wake huonekana pale mashine inapobadilika: aliyezoea esansi akikabidhiwa injini ya mazutu, mkono hutafuta cheche ambayo haipo. Hapo ndipo maneno yanapohitajika, kwa kuwa maneno pekee ndiyo yanayoweza kumwambia habari za mashine ambayo mwalimu wake hakuwahi kuifungua. Kuhusu urefu, sentensi tatu ni bei ndogo kuliko pistoni moja.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba istilahi "chumba cha mwako" haina ubaya wa umbo, na kwamba udhaifu uko katika maelezo yanayoifuata: yanazunguka, yanasahau hewa, yanaita kuungua kuwa kulipuka, au yanachukua kipuri mahali pa nafasi. Dhana nyingine za ufundi zinangoja kipimo kama hiki, kuanzia mgandamizo wenyewe hadi ulainishaji na upoozaji. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanaisimu peke yake mezani, wala na fundi peke yake karakanani. Inafaa wakutane mbele ya injini iliyofunguliwa, mmoja akiwa na kalamu na mwingine na spana, na fasili isikubaliwe mpaka wote wawili waridhike.